Mamba na Mahindi Kule Nyikani

Mwanangu Hidaya,

Umeniacha barazani na sahani ya maboga, ukasema unakwenda kumuaga shangazi yako na utarudi kabla ya alasiri. Namjua dada yangu. Hatakuachia kabla hujala mara mbili na kusikia habari za watu ambao hukuwahi kuwaona. Kwa hiyo nina nafasi. Kesho tutashuka pamoja hadi Mombo, lakini pale kituoni, na kelele za wauza vitunguu, sitaweza kusema neno la maana. Nitakuuliza kama umebeba vyeti, basi. Ndiyo maana naandika.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitaziandika. Hizo shangazi yako anazisema sasa hivi. Nataka kukueleza makosa yangu, kwa sababu kazi unayokwenda kujifunza imepita katikati ya makosa hayo, na watu wa kijiji wanakusimulia upande mmoja tu. Wanasema baba yako ndiye aliyeleta mpango wa mamba. Ni kweli niliuleta. Lakini kwa namna nilivyouleta mara ya kwanza, ungewanyima chakula akina mama thelathini na moja, na mmoja wao alikuwa mama yako.

Unakumbuka nilikuwa nikisafiri na malori ya kabichi. Ruksa ya biashara ilikuwa bado mpya. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilikuwa imefika mpaka Mlola, na kila mwenye lori alitafuta mzigo wa kuvusha mpakani. Safari moja lori letu liliharibika ng'ambo ya mpaka, huko pwani, karibu na shamba la mamba. Tulikaa siku mbili tukisubiri kipuri. Wenzangu walilala kivulini. Mimi nilikwenda kuchungulia uzioni, mtunzaji wa shamba, mzee mmoja mrefu mwenye viatu vya mpira, akaniita ndani.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa simpi kazi."

Akanionyesha mabwawa. Mamba wamelala kama magogo, midomo wazi. Kilichonivutia hakikuwa mamba. Kila walipobadilisha maji ya bwawa, yale machafu hayakumwagwa. Yalifuata mfereji hadi kwenye migomba na nyanya, na migomba ile sijawahi kuona mfano wake hata kwetu Lushoto. Yule mzee akasema, "Hapa mamba ana kazi mbili. Ngozi inauzwa, na uchafu wake unalima." Njia nzima ya kurudi nilikaa juu ya lori tupu nikiyarudia maneno hayo. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yako kabla sijavua viatu. Alinisikiliza, akaniambia ninawe kwanza.

Kijiji chetu kina eneo kule chini nyikani, upande wa pili wa Mombo, ambalo ni la wote. Halina hati ya mtu. Kijito kinapita ukingoni, na kijito hicho kinaingia kwenye mto wenye mamba. Nikajiona nimepewa kila kitu: jua, maji, mayai mtoni, na bucha za Mombo zinazotupa utumbo kila siku. Hapo ndipo ikaja habari kutoka wilayani. Afisa alikuja, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji na kutuambia kwamba siku hizi ardhi isiyo na mpango wa matumizi haiwezi kukaa hivihivi. Kuna bwana wa mjini ameiomba yote. Kama tuna mpango wetu, tuuandike, mkutano mkuu uupitishe, yeye aupeleke mbele. Kama hatuna, mwenzetu anao.

Walinichagua mimi kuwa katibu wa kamati kwa sababu nina mwandiko mzuri. Usicheke. Wengi wamechaguliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nilishuka kupima mwezi wa tisa. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mtu wa mlimani. Mwezi wa tisa sisi wote tuko huku juu na kabichi zetu. Kule chini kumekauka, hakuna mtu, majani yameungua, upepo unapeperusha vumbi. Nilisimama pale na kamba yangu ya katani, nikaona nchi tupu. Katikati ya utupu huo kulikuwa na mafungu ya mawe, matatu hapa, manne pale. Nikadhani ni mafiga ya wachungaji. Nikafurahi kwamba sina haja ya kukata vigingi. Niliyaokota yote, mwanangu, nikayabeba kwa karai, nikayapanga kuwa pembe za mabwawa manane.

Nikarudi nikachora ramani kwenye karatasi ya manila. Ulikuwa kidato cha tatu, nikaazima kalamu zako za rangi bila kukuuliza. Ile ya buluu iliisha kwenye bwawa la tano, mengine nikayapaka kahawia. Niliipenda ramani ile. Niliitundika pale juu ya kabati, na mama yako alipokuwa akichukua vikombe aliitazama, akanyamaza. Nikadhani anastaajabu.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Nilieleza vizuri, mimi mwenyewe nilijisikia. Hoza mwenye bucha ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

"Katibu, tulishalima shamba la kijiji zamani. Jembe langu lilikwenda likarudi. Mahindi hayakurudi mpaka leo. Sasa unataka tulime na mamba?"

Watu wakacheka sana. Nikamjibu kwamba safari hii kila mtu atajua sehemu yake. Akauliza kama mamba analiwa. Nikamwambia haliwi kwetu Waislamu, tutauza ngozi. "Basi mimi nikifa mnipeleke kwao," akasema, "maana na mimi nyama yangu hailiwi." Wakacheka tena, na nikaona nimewashinda, maana watu wanaocheka huwa wanakubali.

Ndipo mama yako akasimama. Hakuwa na desturi ya kusema mkutanoni. Alikuwa amejifunga ile khanga ya maua ya njano, na mikono ameiweka mbele kama mtu anayeulizwa shuleni.

"Shikamoo mwenyekiti. Nina swali kwa katibu."

"Marahaba. Uliza, mama."

"Yale mawe ya pembeni mwa mabwawa, katibu aliyatoa wapi?"

"Yalikuwa pale pale," nikasema. "Yamezagaa."

"Hayakuzagaa," akasema. "Mawe matatu yaliyokuwa karibu na kijito ni mpaka wa shamba langu. Manne yanayofuata ni mpaka wa Bi Kisaka. Mvua za masika zikianza tunashuka pale kulima mahindi na kunde, tangu enzi za mama zetu. Wengi wetu ni wajane, huku juu hawana hata tuta moja. Katibu amechora bwawa la mamba juu ya ugali wa Bi Kisaka. Naomba ajibu atakula nini."

Niliigeukia ramani yangu. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikila mahindi ya nyikani, nilijua yanatoka nyikani, na sikuwahi kushuka hata siku moja kuona yanatoka mahali gani. Ilikuwa kazi ya wanawake. Nilikuwa naona gunia tu likiingia mlangoni.

Mpango ulikataliwa. Mwenyekiti akafunga daftari, afisa akaondoka akitikisa kichwa, na mimi nikakunja ramani yangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku tisa sikusema na mama yako zaidi ya salamu. Niliona ameniaibisha mbele ya watu, angeweza kuniambia nyumbani. Siku ya tisa nilimwambia hivyo. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Ningekuambia nyumbani ungenisikia?"

"Ningekusikia."

"Baba Hidaya, ramani umeitundika juu ya kabati mwezi mzima. Kuna siku uliniuliza, mama Hidaya, wewe unaionaje?"

Sikuwahi. Nilikaa pale nikatafuta hata siku moja, sikuipata. Nakuandikia hili kwa sababu utakutana nalo. Utajua kitu vizuri, utakichora vizuri, na furaha ya kujua itakuzuia kumuuliza mtu aliyeko chumbani mwako. Mimi sikuwa mtu mbaya siku ile. Nilikuwa mtu mwenye furaha, na nilimwaga mawe ya wajane kwenye karai huku naimba.

Akamaliza mchicha wake, akasema, "Masika yakianza nashuka kulima. Njoo na kamba yako."

Nilishuka naye, na wewe ulikuwa likizo, tukakuchukua na daftari lako. Ile nchi sikuitambua. Ilikuwa ya kijani mpaka kijitoni, na wanawake wamejaa, wanaitana kwa Kishambaa, wanataniana. Mmoja aliponiona akapiga kelele, "Ficheni mawe, katibu amekuja." Nilistahili. Nikawasalimu wakubwa kwa wadogo, nikawaomba radhi, nikawaomba kila mmoja anionyeshe mpaka wake.

Nilidhani itakuwa vita, maana alama nilikuwa nimezing'oa. Bi Kisaka, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alivua kandambili akasimama kijitoni. Akahesabu hatua kwa sauti, akasimama, akakanyagakanyaga kama mtu anayetafuta ufunguo kwa vidole vya miguu. "Hapa," akasema. "Pana mteremko. Lete jiwe, mwanangu." Nikaleta. Aliniita mwanangu, mimi niliyechora bwawa juu ya shamba lake. Hivyo hivyo kwa wote. Mstari mmoja tu ndio uliotushinda, kati yake na jirani yake, kila mmoja akasema ni wake. Mama yako akawaambia waulime kwa zamu, huyu mwaka huu, huyu mwaka kesho, na mpaka leo wanaulima hivyo na wanagombana kidogo tu. Wewe uliandika majina yote. Nakuona bado, umechuchumaa na daftari kwenye goti, unauliza kila mama jina lake kamili na jina la mama yake aliyelima hapo kabla yake. Hilo la pili hatukukutuma. Uliliona mwenyewe.

Mchana tulipokaa kula, mama yako aliuelekeza mkono upande wa juu, kule kwenye ardhi nyeupe ya magadi.

"Na pale je?"

"Pale hapaoti kitu."

"Najua hapaoti, mimi ndiye mkulima. Nauliza mamba anahitaji udongo mzuri?"

"Anahitaji maji na jua."

"Basi jua liko. Na maji yakitoka pale yanashuka yenyewe huku kwetu, huna haja ya kuyasukuma."

Nikaacha kula. Nilitembea mpaka kule na kamba, nikarudi nikikimbia, mtu mzima kama mimi. Mteremko ulikuwepo. Mabwawa mawili tu kwa kuanzia, sio manane, yasakafiwe vizuri ili maji yasinyonye magadi, na mfereji mmoja ushuke ukigawanyika katikati ya mashamba ya akina mama. Mamba wangekaa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupata hata punje, na maji yao yangewalisha wale wenye mawe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na safari hii haikuwa yangu peke yangu. Jioni tulipopanda mlima mama yako alikuwa mbele, ana mzigo wa kunde kichwani, anakufundisha kuhesabu mbegu kwa kuzisikiliza zikianguka shimoni, tatu, tatu. Nilikuwa nyuma nikiwasikia.

Homa ya kifua ilimpata kabla ya kuvuna. Hayo unayajua, ulitoka shule ukakuta amekwisha kudhoofika, na sitakurudisha huko. Nikupe moja tu ambalo hukulisikia kwa sababu ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nilikuwa nimemletea mchoro mpya kitandani. Niliuliza kabla ya kuutundika popote. Aliushika karibu na uso, akaupitia kwa kidole, kidole kikasimama.

"Mfereji huu unapita mbele ya Bi Kisaka."

"Ndiyo, apate maji ya kwanza."

"Haoni, baba Hidaya. Atatumbukia. Upitishe nyuma yake."

Nikafuta, nikachora upya pale pale kwenye ukingo wa kitanda. Akasema, "Hapo sawa." Baada ya siku mbili tukamzika. Mahindi yake tuliyavuna wewe, mimi na wale akina mama, na gunia lilipoingia mlangoni nilijua kila mstari lilikotoka.

Wakati wa matanga yule bwana wa mjini alikuja tena wilayani. Afisa alituletea salamu kwamba hatangoja zaidi ya masika yajayo. Nikamwomba mwenyekiti kitu kimoja: mkutano wa pili tusiufanye uwanjani. Tuufanye kule chini, na tuufanye wakati wa kulima.

Alikataa kwanza. "Watu watashuka mlima mzima kwa ajili ya mkutano?"

"Nusu yao watakuwa wapo tayari," nikamwambia.

Siku hiyo ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa akina mama, hukuona nilichokiona mimi. Nilikuwa nimesimama na afisa na mjumbe wa yule bwana, kijana wa mjini mwenye viatu vinavyong'aa, amebeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Akasema eneo liko wazi, hakuna anayelitumia. Nilimwomba mwenyekiti aite majina kutoka kwenye daftari lako. Akaita jina la kwanza, mwanamke mmoja akaitika, akaenda kusimama shambani kwake na jembe. Akaita la pili. La tatu. Alipofika kumi, yule kijana alikuwa ameshakunja mfuko wake. Aliposoma jina la mama yako ulikwenda wewe kusimama, naye akaendelea. Alipomaliza hapakuwa na nafasi tupu kuanzia kijitoni mpaka kwenye magadi.

Afisa aliniambia taratibu, "Mimi nilielezwa ardhi hii iko wazi."

"Na mimi nilijiambia hivyo," nikamjibu.

Nikasoma mpango. Mashamba yanabaki kwa wenyewe na watoto wao, yameandikwa. Mabwawa ni ya kijiji, kule kwenye magadi. Maji ya mabwawa ni ya mashamba. Hoza akanyoosha mkono, nikajua sasa tutacheka au tutalia.

"Mwenyekiti, mimi miaka yote utumbo wa bucha yangu unaliwa na mbwa wa Mombo, na hakuna mbwa aliyewahi kuniambia ahsante. Nampa mamba. Angalau yeye nitavaa viatu vyake."

Mikono ilivyoinuka sikuihesabu, mwenyekiti alihesabu. Hakuna aliyekataa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa upande wa pili wa kijito wakakimbia. Nililia, na sikujificha. Watu walidhani namlilia mama yako. Nilikuwa namlilia kidogo. Zaidi nilikuwa na furaha, na nilitamani mtu wa kumweleza.

Imebaki sehemu moja, na kwa sababu yake hasa nimekalia kiti hiki tangu ulipoondoka. Afisa alisema kibali cha kuokota mayai mtoni hakitatoka mpaka kijiji kiwe na mtu aliyejifunza kutunza mamba. Yule mzee wa viatu vya mpira alikuwa ameshakubali, kwa barua, kumpokea mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Mwenyekiti akauliza nani aende. Yakatajwa majina ya vijana wawili. Ndipo Bi Kisaka akasema kutoka alipokuwa, bila kujua ametazama upande gani, "Mpelekeni aliyeandika majina yetu. Yeye atauliza kabla ya kuchimba."

Kura zikapigwa tena. Wewe uliinamisha kichwa, kwa hiyo hukuona. Mikono yote ilikuwa juu na wangu ulikuwa chini. Nilikuwa nawaza nyumba hii. Nilikuwa nawaza kwamba nimezika mmoja, na huyu aliyebaki anaombwa na kijiji. Kwa kitambo kidogo nilikuwa tayari shamba lote lile lishindwe, wajane na mfereji na yote, ili wewe ubaki unanichemshia chai. Mwenyekiti alinitazama. Alikuwa ananingoja, na angeningoja mpaka jua lizame, kwa kuwa wewe ni binti yangu na hakutaka kukuchukua kwa nguvu.

Nikaangalia pale uliposimama, kwenye sehemu ya mama yako, udongo umekujaa mpaka kwenye vifundo. Hukuwa unaniomba. Ulikuwa umeshakubali, unangoja tu kusikia kama na mimi nimekubali.

Mkono wangu ulikuwa wa mwisho kuinuka, Hidaya. Ningependa ulijue hilo kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Lakini uliinuka, na jina lako likapita, na tangu siku ile natembea kijijini kama mtu aliyeoa jana.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako. Nenda ukamwogope mamba kama yule mzee anavyotaka. Tutaanza kuchimba wiki ijayo.

Ni mimi baba yako.